Mkristo wa Dhehebu Gani? Urithi, Ubatizo na Uamuzi wa Mtu Binafsi katika Makanisa ya Afrika Mashariki

Chanzo cha mkanganyiko

Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwagawa Wakristo wa nchi hiyo katika mafungu kadhaa, ambapo Waprotestanti walikuwa asilimia 33.4 ya wananchi wote, Wakatoliki asilimia 20.6, waumini wa makanisa ya kiinjilisti asilimia 20.4 na wale wa makanisa yaliyoanzishwa na Waafrika wenyewe asilimia 7. Mgawanyo huo unaifaa kazi ya takwimu, lakini unaacha swali zito bila jibu, kwa kuwa Mwanglikana aliyeokoka, anayesali Jumapili katika kanisa alilobatizwa akiwa mtoto na kukesha Ijumaa katika kanisa la Kipentekoste, angeweza kwa haki kabisa kuhesabiwa katika fungu la kwanza au la tatu. Tanzania haijauliza dini ya mtu katika sensa tangu ile ya mwaka 1967, kwa hiyo huko swali hili halimfikii mwananchi kupitia karani wa serikali. Linamfikia anapoingia shule ya bweni na kukuta UKWATA ya wanafunzi wa makanisa ya Kiprotestanti, TYCS ya Wakatoliki na CASFETA ya Wapentekoste. Linamfikia anapotaka kufunga ndoa. Na linaifikia familia yake anapofariki, pale viongozi wa kanisa wanapouliza marehemu alikuwa akisali wapi na kama alikuwa mshiriki wa Meza ya Bwana.

Majibu yanayotolewa hadharani yanagongana. Mhubiri mmoja hufundisha kwamba dhehebu halimpeleki mtu mbinguni, mwingine husisitiza kwamba nje ya kanisa lake hakuna ubatizo wa kweli, na wazazi nao hushikilia kwamba mtoto hawezi kuiacha dini ya babu yake. Mabishano ya namna hii huishia mara nyingi kwenye mamlaka ya Papa, sanamu makanisani au siku ya Sabato, mambo ambayo ni ya maana lakini hayafiki kwenye mzizi wa utambulisho wa mtu. Mzizi huo uko katika jinsi kila kanisa linavyojibu swali la nini hasa humfanya mtu awe wa Kristo na wa kanisa: kuzaliwa kwake, kubatizwa kwake, au kuamua kwake. Mtu akishalijua jibu la kanisa lake kwa swali hilo, tofauti nyingine nyingi huanza kueleweka.

Ramani ya wamisionari

Mgawanyiko wa makanisa ya Afrika Mashariki haukuzaliwa na mabishano ya wenyeji juu ya Luther au Roma. Uliletwa ukiwa umekamilika, kisha ukapandwa ardhini kwa utaratibu wa kugawana maeneo. Mwaka 1891 Wamoravian na Misheni ya Berlin waliingia nchi ya kaskazini mwa Ziwa Nyasa wakiwa wamekubaliana, Wamoravian wakichukua upande wa magharibi na Walutheri wa Berlin upande wa mashariki, na ndiyo sababu Rungwe inajulikana hadi leo kwa Kanisa la Moravian huku Makete na Njombe zikijulikana kwa Ulutheri. Urambo, iliyokuwa ya Misheni ya London, ilikabidhiwa kwa Wamoravian mwaka 1898. Kilimanjaro, Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Kilema mwaka 1891 na Misheni ya Leipzig ikaingia mwaka 1893 baada ya misheni ya Kianglikana ya CMS kuondoka, hivyo watu wa mlima mmoja wakagawanyika, Kilema na Kibosho zikiwa za Kikatoliki na Machame na Marangu za Kilutheri. Waadventista wa Sabato walianza kazi Upare mwaka 1903. Katika sehemu hizi zote mtu hakuketi akapima mafundisho kisha akachagua. Shule au zahanati iliyokuwa karibu ndiyo iliyomchagulia.

Utaratibu huo ulipunguza ugomvi kati ya misheni na misheni, lakini haukuondoa tofauti za mafundisho. Jambo hilo lilidhihirika mwaka 1913, wakati misheni za Kiprotestanti zilipokutana Kikuyu nchini Kenya kujadili shirikisho na kumaliza mkutano kwa ibada ya Ushirika Mtakatifu iliyoongozwa na askofu wa Kianglikana wa Mombasa katika kanisa la Wapresibiteri wa Scotland. Frank Weston, askofu wa Kianglikana wa Zanzibar, aliwashitaki kwa uzushi maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda mbele ya Askofu Mkuu wa Canterbury, kwa sababu aliona kwamba kuwapa ekaristi watu ambao makanisa yao hayana maaskofu ni kuubomoa msingi wa Kanisa. Waliokuwa wakibishana ni watu wa dhehebu moja. Upande wa Weston ulikuwa wa UMCA, misheni iliyotokana na vyuo vikuu vya Uingereza na iliyothamini sana sakramenti, uvumba na mavazi ya ibada. Upande wa pili ulikuwa wa CMS, iliyotilia mkazo mahubiri, Biblia na kuongoka. Mikondo hiyo miwili imo hadi leo ndani ya Kanisa Anglikana la Tanzania, kiasi kwamba mwamini anayehama Masasi kwenda Dodoma anaweza kukuta ibada imebadilika mno ingawa yeye hajabadili dhehebu. Jina la dhehebu, kwa hiyo, huonyesha nasaba ya kanisa kwa uhakika zaidi kuliko linavyoonyesha imani ya mtu mmoja mmoja.

Historia hiyo inaonyesha pia mahali ambapo kuungana kunawezekana na mahali ambapo kunakwama. Mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri, yaliyotokana na misheni za Kijerumani, za nchi za Skandinavia na za Marekani, yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), kwa kuwa yalikuwa na ungamo moja la imani. Mazungumzo ya miaka hiyohiyo ya kuwaunganisha Waanglikana, Walutheri, Wamethodisti, Wamoravian na Wapresibiteri wa Afrika Mashariki hayakuzaa kanisa moja, ingawa wote hao walikuwa wakibatiza watoto na kutambuana kwa sehemu kubwa.

Dhehebu kama urithi

Msimamo wa kwanza, ambao hautetewi sana vitabuni lakini una nguvu kubwa nyumbani, ni kwamba dhehebu ni urithi. Mtu ni Mmoravian kwa kuwa wazazi wake ni Wamoravian, kama alivyo wa ukoo wake. Ubora wa msimamo huu haupaswi kudharauliwa. Imani haipokewi na mtu aliye peke yake. Hupokewa kupitia nyimbo alizozisikia akiwa mtoto, sala za mezani, jumuiya inayokuja kufariji msibani na kwaya inayosimama kaburini. Mtu aliyerithi dhehebu hupewa mambo haya kabla hajajua kuyaomba.

Udhaifu wake ni kwamba unaugeuza mpaka uliochorwa na wamisionari kuwa amri ya Mungu. Dhehebu linapokuwa alama ya kabila au wilaya, kuliacha huonekana kama kuwasaliti wazee, na kubaki ndani yake hakudai imani yoyote. Anayebeba gharama kubwa zaidi ya desturi hii ni mwanamke. Katika jamii nyingi hutarajiwa kwamba bibi arusi atamfuata mumewe kanisani, hata kama yeye ndiye mwamini thabiti na mume hafiki kanisani ila kwa Krismasi na Pasaka. Mwanamke huyo huanzishwa mafundisho upya, huliacha kanisa lililomlea na wakati mwingine hubatizwa tena, bila yeyote kumuuliza anaamini nini. Hakuna kanisa linalofundisha katika katekisimu yake kwamba imani ya mke inategemea ya mume, lakini makanisa mengi yamekaa kimya mbele ya desturi hiyo, na ukimya huo ni kosa.

Ubatizo usiorudiwa

Msimamo wa pili ni ule wa makanisa yenye kubatiza watoto, yaani Wakatoliki, Waorthodoksi, Waanglikana, Walutheri, Wamoravian na wengine wa mkondo huo. Kwao kinachomfanya mtu kuwa wa Kristo ni ubatizo, na ubatizo ni tendo la Mungu kabla ya kuwa tendo la binadamu. Mtoto mchanga hubatizwa kwa sababu neema, yaani wema wa Mungu usiolipiwa, haingoji mtu aielewe ndipo imfikie. Kwa wengi wao kipaimara, ambacho ni kuwekewa mikono kwa mtu aliyekwisha kufundishwa, hufuata baadaye. Ubatizo ukishatolewa kwa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, haurudiwi.

Mafundisho haya yalipimwa kwanza katika Afrika yenyewe. Katika karne ya tatu Kipriano, askofu wa Karthago, katika nchi ambayo leo ni Tunisia, alifundisha kwamba ubatizo uliotolewa na wazushi si kitu, kwa hiyo anayerudi lazima abatizwe. Stefano, askofu wa Roma, alipinga na kusema kwamba mtu huyo awekewe mikono tu. Swali lilirudi kwa ukali baada ya mateso yaliyoanza mwaka 303 chini ya Kaisari Diocletian, wakati Wadonati wa Afrika Kaskazini walipokataa sakramenti za viongozi waliohesabiwa kuwa wasaliti. Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, aliwajibu kwa hoja ambayo makanisa mengi yanaitegemea mpaka sasa: anayebatiza kweli ni Kristo, na uovu wa mtumishi hauwezi kuitangua kazi ya Bwana wake. Faida ya hoja hiyo inaonekana wazi leo, kila mchungaji anapoanguka katika kashfa na waumini wakajiuliza kama ubatizo, ndoa na ekaristi walizopokea mikononi mwake zilikuwa za kweli. Mwamini aliyefundishwa na Augustino hana sababu ya kuhangaika.

Kutokana na msingi huo, sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983, katika kanuni ya 869, inakataza kumbatiza tena mtu aliyebatizwa katika jumuiya isiyo ya Kikatoliki, isipokuwa pawe na shaka nzito kuhusu namna alivyobatizwa. Mlutheri anayejiunga na Ukatoliki hukiri imani na kupewa kipaimara, habatizwi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa umekwisha kutamka mwaka 1964 kwamba waliobatizwa nje ya Kanisa Katoliki wana ushirika na Kanisa hilo, ingawa haujakamilika. Mwaka 1999, mjini Augsburg, Wakatoliki na Shirikisho la Kilutheri la Ulimwengu, ambalo KKKT ni mwanachama wake, walitia saini tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki, yaani juu ya jinsi mwenye dhambi anavyokubaliwa na Mungu, swali lilelile lililokuwa kiini cha Matengenezo ya karne ya 16. Wamethodisti walijiunga na tamko hilo mwaka 2006. Mhubiri anayeendelea kufundisha kwamba Wakatoliki hutafuta wokovu kwa matendo na Walutheri kwa imani tupu anarudia ugomvi ambao wenyewe wameshaumaliza kwa sehemu kubwa.

Hata hivyo msimamo huu una majeraha yake. La kwanza ni kwamba kutambuliwa kwa ubatizo hakujafungua meza: Mlutheri huambiwa kwamba amebatizwa kweli, kisha huzuiwa kukomunika katika Misa, kwa sababu Kanisa Katoliki linahesabu ekaristi kuwa alama ya umoja uliokamilika na linadai daraja takatifu la upadre lenye mfululizo wa mitume. Hoja hiyo ina mantiki, lakini mume na mke wanaotengana kila Jumapili wakati wa komunyo wanaubeba uzito wake. Jeraha la pili ni zito zaidi. Kanisa linalobatiza watoto hutoa ahadi ya kuwafundisha, na ahadi hiyo imevunjwa mara nyingi, kwani kipaimara kimekuwa mahali pengi sherehe ya kumaliza mafundisho, yenye nguo mpya na zawadi, ambayo kijana huitumia kuagana na kanisa. Cheti cha ubatizo hubaki kabatini kikisubiri ndoa. Walokole, yaani waliookoka, wanapowaita watu wa namna hiyo Wakristo wa jina, hawazui jambo.

Kuokoka na ubatizo wa uamuzi

Msimamo wa tatu unajibu kwamba kinachomfanya mtu kuwa wa Kristo ni kuokoka, yaani kutubu na kumpokea Yesu kwa uamuzi wake mwenyewe, na kwamba ubatizo ni ushuhuda wa uamuzi huo, kwa hiyo humfaa tu mtu anayejua anachofanya. Asili yake si ya Kipentekoste. Ulianza Zurich mwaka 1525, wakati kundi la wanafunzi wa Zwingli, mwanamatengenezo wa mji huo, lilipobatizana wakiwa watu wazima, likateswa na Wakatoliki na Waprotestanti pia. Warithi wao wa moja kwa moja wako Tanzania, kwa kuwa Wamennonite walifika Shirati, katika Mkoa wa Mara wa leo, mwaka 1934. Wabaptisti, Waadventista na Wapentekoste wa makanisa kama TAG na EAGT wana jibu linalofanana katika jambo hili, ingawa wanatofautiana katika mengine. Kwa haki ni lazima isemwe kwamba machoni pao wao hawarudii ubatizo wa mtu yeyote. Wanashikilia kwamba kilichofanywa kwa mtoto mchanga hakikuwa ubatizo, na kwamba ubatizo ni kuzamishwa katika maji mengi.

Ndani ya jibu hili zimo njia mbili ambazo watu huzichanganya. Uamsho ulioanzia Gahini nchini Rwanda, katika misheni ya Kianglikana, na kuenea kuanzia miaka ya 1930 hadi Uganda, Bukoba na Kenya, ulidai toba ya hadharani, kulipa madeni na kupatana na jirani, ukawafanya hata wamisionari wa Kizungu waungame dhambi zao mbele ya Waafrika, lakini wengi wa waliookoka walibaki katika makanisa yao na hawakubatizwa upya. Josiah Kibira wa Bukoba, aliyetoka katika uamsho huo, alikuwa askofu wa Kilutheri na mwaka 1977, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, akachaguliwa kuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri la Ulimwengu. Njia ya pili ni ya makanisa ya Kipentekoste, ambayo humtaka aliyeokoka azamishwe majini na kuhamia kanisa jipya. Njia ya kwanza hukutafsiri kuokoka kuwa kuamka kwa ubatizo uliolala, na ya pili hukutafsiri kuwa mwanzo kabisa wa Ukristo wa mtu.

Nguvu ya msimamo huu ni kwamba hauruhusu mtu ajifiche nyuma ya wazazi wake. Umemwinua kijana na mwanamke ambao makanisa ya zamani yaliwaweka viti vya nyuma, umewatoa wengi katika ulevi, na umerudisha uzito wa neno toba. Udhaifu wake unatokana na nguvu hiyohiyo. Uhakika wa mtu ukishajengwa juu ya uamuzi wake, uamuzi huo ukitetereka uhakika nao hutetereka, na ndiyo maana wapo wanaozamishwa mara ya pili na ya tatu kila wanapohamia huduma mpya, hasa pale wanapokutana na makanisa yanayobatiza kwa jina la Yesu peke yake na kuukana ubatizo wa jina la Utatu. Mtumishi naye huwa mkubwa kupita kiasi, kwani asipokuwepo Augustino wa kumpunguza, upako wake huonekana ndio unaozipa ibada nguvu. Tena kuna gharama kwa familia: anayeambiwa kwamba ubatizo wake wa utotoni haukuwa kitu anaambiwa papo hapo kwamba bibi yake, aliyekufa akisali rozari au akiimba tenzi, hakubatizwa kamwe.

Wanaojiita Wakristo tu

Msimamo wa nne, unaokua mijini na vyuoni, huyakataa majina yote na kusema: Mkristo tu, basi. Nia yake ni njema na inagusa aibu ya kweli ya mgawanyiko. Lakini umekwisha kujaribiwa. Huko Marekani, wafuasi wa Barton Stone na wa Thomas Campbell na mwanawe Alexander waliungana mwaka 1832 wakitaka kuwa Wakristo tu wanaofuata Biblia peke yake. Baadaye vuguvugu hilo likagawanyika likazaa Disciples of Christ, Makanisa ya Kristo na mengine. Sababu haikuwa hila ya mtu. Kundi lolote linalokusanyika kusali hulazimika kuamua nani abatizwe, namna gani, nani agawe mkate na divai, na nani amwonye anayepotosha. Likishaamua mambo hayo limekuwa dhehebu, hata kama ubao wa mlangoni haukuandikwa jina. Asiyejiunga na kundi lolote naye hukosa watu wa kumfundisha, kumsahihisha na kumzika.

Kupima misimamo

Urithi peke yake hauwezi kubeba utambulisho wa Kikristo, kwa kuwa hakuna kanisa linalokiri kwamba imani huzaliwa na damu, na msimamo wa Mkristo tu hurudi mlangoni pale ulipotokea. Uzito halisi wa shauri uko kati ya ubatizo usiorudiwa na ubatizo wa uamuzi, na hapo ndipo pande zote mbili zinapostahili kusikilizwa kwa uvumilivu. Mkutano wa Lima wa mwaka 1982, ulioitwa na tume ya imani ya Baraza la Makanisa Ulimwenguni, ulijaribu kuzikutanisha kwa kuonyesha kwamba ubatizo wa mtoto na wa mtu mzima yote miwili hudai imani ya jumuiya inayobatiza na ukuaji wa imani ya anayebatizwa, na kwa kuonya dhidi ya tendo lolote linaloweza kueleweka kama kubatiza upya.

Hoja ya Augustino wa Hippo ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa sababu inampa mwamini kitu ambacho hakiwezi kunyang'anywa na kashfa ya mchungaji, kuhama mji wala siku za moyo mkavu. Lakini inasimama tu pale makanisa yanayobatiza watoto yanapokubali hukumu ya walokole, kwamba mtoto aliyebatizwa asipofundishwa ameibiwa haki yake. Uamsho wa Gahini ulionyesha kwamba mambo haya mawili yanaweza kukaa ndani ya mtu mmoja, naye akaitwa Mlutheri aliyeokoka bila kujipinga.

Katika ndoa, mabadiliko yanayohitajika ni madogo kuliko yanavyodhaniwa. Kanisa Katoliki, ambalo zamani liliwadai wote wawili wanaofunga ndoa mseto waahidi kuwalea watoto katika Ukatoliki, tangu mwaka 1970 humtaka aliye Mkatoliki peke yake aahidi kufanya yote awezayo, na mwenzake huarifiwa. Makanisa ya Kiprotestanti yanayotambuana kwa ubatizo yanaweza kumpokea bibi arusi kwa barua ya usharika wake badala ya mafundisho ya mwanzo, na kabla ya hapo kumuuliza, mbele ya mume na wazazi, kama anataka kuhama. Kwa Wabaptisti na Wapentekoste jambo ni gumu zaidi, kwa kuwa hawawezi kuukubali ubatizo wa mtoto bila kuacha mafundisho yao, na si haki kuwadai hivyo. Wanachoweza kudaiwa ni kumweleza anayeomba kuzamishwa, kabla hajaingia majini, kwamba makanisa mengi ya ulimwengu, likiwemo lile lililomlea, yanamhesabu kuwa amekwisha kubatizwa, kisha wamwachie muda wa kuamua.